Saa Nne Kifuani

Nianze na aibu yenyewe niimalize mapema, maana nikiificha watu wa Mikumi watawasimulia tu, tena wataongeza chumvi. Siku ya mtihani wangu wa udereva, mtihani niliouwazia mwaka mzima, mimi sikuwepo Kilosa kwenye mtihani. Nilikuwa kando ya barabara kuu, mtu mzima na ndevu zangu, nimevaa saa. Wala si saa ya mkononi. Ilikuwa saa ya boksi la sabuni, pana kama ungo, inaning'inia kifuani kwa kamba ya mkonge, na mishale yake imeshonwa kwa uzi isisogee: saa nne kamili. Nilikuwa nacheza na kuimba kwamba wakati haumngojei mtu. Na mimi nilikuwa namngojea mtu. Siku ya tatu hiyo.

Cheka. Mimi mwenyewe nimewachekesha wengi kwa habari hii, na wengine wameninunulia pombe niirudie. Lakini kila nikiirudia, nikifika pale pa saa nne, natamani kumpiga mtu. Sijapata kujua vizuri nimpige nani.

Mambo yalianza na semina. Mimi na mama tulikuwa tumeteremka kutoka Vidunda, tumehamia kwenye kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Shule yenyewe mimi niliishia darasa la sita, kule misheni. Baba alifariki, jembe lake likakosa mtu, nikaambiwa mtu ni wewe. Baadaye nikawa utingo kwenye lori la mkonge Kilosa, na kazi ilipopungua nikarudi kwa mama na vitu viwili: kikohozi cha vumbi na tamaa ya usukani.

Basi tukatangaziwa kwamba anakuja bwana mmoja kutoka mjini kutufundisha matumizi ya wakati. Wote tuwe uwanjani saa mbili asubuhi. Tukawa uwanjani saa mbili asubuhi. Wanawake waliacha kunde zao shambani, wazee wakaja na vigoda, na mimi nikakaa mbele kama kawaida yangu, maana mtu wa nyuma vichekesho vyake havisikiki. Saa nne, hakuna bwana. Saa sita, hakuna. Ilipofika saa tisa alasiri Landrova ikaingia, bwana akateremka, akajifuta jasho, akaanza bila hata kusema poleni: "Ndugu wananchi, wakati!"

Nilitakiwa nicheke pale pale niende zangu. Lakini bwana yule alikuwa na mdomo. Akasema taifa zima lina mpango wa miaka mitano, je, wewe ndugu uliyekaa hapo, maisha yako yana mpango gani? Akaninyooshea kidole mimi. Akasema mtu asiye na mpango ni sawa na lori lisilo na dereva. Mwingine angeniambia mambo ya jembe au ng'ombe, yangepita hewani. Yeye akataja lori. Nikatoka pale nimeloa kama niliyebatizwa upya.

Kesho yake nikanunua daftari. Ukurasa wa kwanza nikaandika kwa herufi kubwa MPANGO WANGU WA MAISHA, nikapiga mstari chini, mstari ukapinda, nikapiga mwingine. Mwaka wa kwanza: kupata leseni ya udereva. Mwaka wa pili: kuendesha gari kubwa, kumwezekea mama bati. Mwaka wa tatu: kuoa. Mwaka wa nne niliuacha wazi, kwa kuwa sikujua mtu aliyeoa anafanya nini tena. Halafu nikapanga siku yangu saa kwa saa.

Mama hakujua kusoma, lakini kusikia alijua sana. Akiwa anapepeta mchele akasema, "Nisomee huo upuuzi."

"Saa kumi na moja alfajiri, kuamka."

"Hiyo hata jogoo anaijua, na hajaandika."

"Saa kumi na moja na nusu, kusoma alama za barabarani. Saa moja, shamba la mama. Saa tatu, shamba la kijiji..."

"Kuni?"

"Zipo. Saa kumi jioni. Saa kumi na moja, kufanya mazoezi ya gari. Saa moja, kusoma tena. Jumamosi, pombe, kibuyu kimoja."

"Kimoja!" Akaacha kupepeta. "Na chooni je, umejiandikia?"

Sikuwa nimejiandikia. Nilipokaa nikajumlisha, saa zangu za siku moja zikafika ishirini na saba. Ndiyo hesabu ya darasa la sita hiyo. Nikamwambia mama nitapunguza usingizi.

"Punguza mdomo, mwanangu," akasema. "Usingizi wako haujamkosesha mtu kitu. Huo mdomo ndio unaokula siku zako."

Nikacheka. Nikaandika hata hiyo kwenye daftari, kwa mzaha: kupunguza mdomo, nusu saa kila siku.

Lakini msinione mjinga moja kwa moja. Mpango ule niliufuata. Niliufuata karibu mwaka mzima, mimi ambaye hata kwaresima sijawahi kuimaliza. Rafiki yangu mmoja, tuliyekuwa utingo pamoja Kilosa, alihamia kijiji kile kile, na yeye bado alikuwa kwenye lori la ushirika linalokuja kubeba mazao. Alikuwa mtu wa maneno machache, ukimwuliza jambo anajibu kesho yake. Daftari hakuwa nalo, mpango hakuwa nao, nami nilimcheka sana kwa hilo. Dereva wa lori, mzee mmoja Mwislamu wa huko bondeni, alikuwa na roho nzuri. Lori likiwa tupu kwenye njia ile ya vumbi inayopitia Ulaya (Ulaya yetu sisi ya Kilosa, ambako theluji haijasikika), alikuwa anasogea pembeni anatuachia usukani kwa zamu. "Polepole, wanangu," anasema, "hilo ni lori, si ngoma." Siku ambazo lori halikuja nilipanga mawe uwanjani kwangu kama mapipa ya mtihani, nikawa natembea kinyumenyume kati yake nimeshika kifuniko cha sufuria. Wanawake wakipita kisimani wanashika mbavu. Na mimi nikiona wamesimama kuangalia, napiga na honi.

Kilichonitesa kilikuwa mikutano. Nisemeje? Mtu unaamka na siku yako imenyooka kama reli ya Kidatu, saa tatu filimbi inalia: mkutano. Mkutano wa kuchagua kamati. Mkutano wa kamati kueleza imechaguliwa vipi. Mkutano wa kuuliza kwa nini shamba la kijiji lina magugu, na magugu yenyewe yanatusikiliza yanaendelea kuota. Nyani walijua ratiba yetu kuliko sisi. Filimbi ikilia tu, wao hao kwenye mahindi. Sikukataa ujamaa mimi, msinisingizie. Kulima pamoja nililima, kisima tulichimba pamoja na maji yake nilikunywa. Nilichokataa ni kukalishwa. Mtu akikuibia kuku utamwita mwizi. Akikuibia siku nzima unamwita mgeni rasmi, na unampigia makofi!

Sasa msikilize jinsi mambo yalivyokutana. Kambi ya barabara kuu ilikuwa inatafuta madereva wawili wa tipa, wa kubeba kokoto. Mimi na rafiki yangu tukaenda. Msimamizi alikuwa mtu wa maneno ya wazi. Akasema, "Nafasi ni hizo mbili, na nyie ni wawili. Leteni leseni kabla mwezi haujaisha. Mwezi ukiisha, nachukua watu wa Morogoro." Na mkaguzi wa magari alikuwa anakuja Kilosa siku moja tu mwezi ule: Alhamisi. Majina yetu yote mawili yalikuwa yameandikwa. Nyumbani nikafungua daftari, ule mstari wa mwaka wa kwanza nikauzungushia duara kwa wino mwekundu.

Wiki ile ile mwenyekiti wa kijiji akapiga filimbi. Mkubwa kutoka wilayani, akasema, atapita Jumanne saa nne asubuhi, kuona kama mafunzo ya wakati yameshika. Lazima apokewe. Nani atatunga wimbo wa wakati?

Nikainua mkono. Hakuna aliyenishika kwa nguvu. Mkono huu huu ninaoandikia, ukainuka wenyewe kama unafukuza nzi. Nikawaza: Jumanne asubuhi namwimbia, Jumatano napanda lori, Alhamisi nipo Kilosa. Mpango umekaa.

Nikatunga. Ubeti wa kwanza ulisema wakati ni jembe, usipolima nalo litakulima wewe. Ubeti wa pili ulikuwa wa mvivu aliyelala mpaka jogoo amechoka kuwika, na hapo nilikuwa najiangusha chini na saa yangu ya boksi, nakoroma, mara nashtuka, natazama kifuani, napiga yowe. Mazoezini watu walilia kwa kucheka. Mwenyekiti mwenyewe alifuta machozi kwa kofia. Saa ile nilitaka mishale yake izunguke, lakini mwenyekiti akaamuru ishonwe kwenye saa nne, "ili mkubwa aone tumemtegemea saa ileile aliyosema."

Jumanne, saa nne: hakuna mtu. Sisi tumejipanga barabarani tangu saa moja, ngoma zimepashwa moto, wali umeiva. Kila gari likionekana mbali, mwenyekiti anapiga filimbi, mimi naruka, "Wakati ni jembe!" Gari linapita, kumbe ni la mafuta. Nimewaimbia watu wa malori ya mafuta mimi. Nimemchezea padri mmoja kwenye pikipiki, akanibariki. Jioni mwenyekiti akasema mkubwa amepata dharura, bila shaka kesho.

Jumatano, hivyo hivyo. Kamba ya mkonge ilikuwa imenichubua shingo mpaka ikawa nyekundu. Alasiri lori la ushirika likaja, likasimama kijijini kubeba magunia, liondoke kwenda Kilosa. Nikamwendea mwenyekiti kwenye ofisi yake. Siku zile huwezi kusafiri hivi hivi, ilitakiwa barua ya ruhusa na muhuri wa kijiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umevua saa?"

"Nimekuja kuomba barua, mzee. Kesho nina mtihani wa leseni Kilosa. Nilikueleza."

"Ulinieleza." Akafungua mtoto wa meza, akautazama muhuri, akaufunga. "Na mkubwa akija kesho?"

"Mzee, wako watu wa kuimba."

"Wa kuimba wako. Wa kuanguka je?" Akainamia meza. "Ndugu yangu, tuseme ukweli. Katika kijiji hiki kizima, kaya zote hizi, kuna mwingine anayeweza ule ubeti wa pili? Mtaje. Mtaje nikugongee barua yako sasa hivi."

Sikumtaja mtu. Maneno yale yaliniingia kama pombe ya asubuhi, kabla hujala. Nikasema, "Lakini, mzee, nafasi ni mbili tu..."

"Mtihani utarudi. Mkubwa akipita akakuta tumelala, hawezi kurudi. Nenda kapumzishe sauti."

Nikatoka nje kwa hasira. Rafiki yangu alikuwa juu ya magunia anafunga kamba.

"Amekugongea?" akauliza.

"Amenikatalia."

"Haya panda."

"Bila barua? Wakinikamata njiani?"

Alifunga kamba ile, akaifunga tena mara ya pili ingawa ilikuwa imefungwa vizuri, akaniangalia. Dereva mzee akapiga honi. Lori likaondoka, na mimi nikabaki nalitukana. Nilimtukana mwenyekiti, nikautukana muhuri, nikamtukana na yule bwana wa semina pamoja na Landrova yake.

Alhamisi. Nilivaa saa. Nilijua kabisa Kilosa wanafanya nini wakati ule: watu wamepanga mapipa, mkaguzi ana karatasi yake, anaita majina. Jua lilipofika pale ambapo kweli ilikuwa saa nne, nilitazama kifuani, na kwa dakika ile moja saa yangu ikawa inasema kweli. Nilitaka kulia. Badala yake nikaangalia watu. Walikuwa wamechoka, watoto wanasinzia, bibi mmoja amevua kandambili anajikuna. Nikaanza wimbo. Nikamaliza ubeti wa kwanza, nikaingia wa pili, nikajiangusha, nikakoroma, watu wakaamka. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Wakapiga makofi. Nikaanza tena ubeti wa pili.

Nilikuwa bado chini, nakoroma, Landrova ilipokuja. Ilikuwa yenyewe, na kibendera mbele. Mwenyekiti akapuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka. Landrova haikupunguza mwendo. Kioo kilikuwa kimeshushwa kidogo, ukatoka mkono, ukapunga mara moja kama mtu anayepoza chai, basi, imekwenda Iringa. Watu walipiga makofi. Naapa, walilipigia makofi vumbi. Na mimi niliinuka kutoka chini, boksi limevunjika katikati, mshale mmoja umechomoka hatimaye, nikalichezea lile vumbi.

Jioni kulikuwa na mkutano wa tathmini. Nilikaa mbele. Katibu akaandika na kusoma kwa sauti: mapokezi yalifana, mheshimiwa alifurahi, alipunga mkono. Mwenyekiti akataka niinuke wote wanione. Nikainuka. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyapanga vizuri, ya kumvua nguo mbele ya kijiji. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kikawa kichekesho kuhusu mkono ule na chai. Wakafa kwa kicheko, mwenyekiti akiwa wa kwanza.

Nyumbani mama aliniwekea ugali, akanitazama shingo, akaenda kuleta mafuta ya nyonyo akanipaka pale palipochubuka. Afadhali angenitukana.

Nilianza kumchukia mwenyekiti usiku ule na sikuacha. Nililichoma daftari jikoni, ukurasa mmoja mmoja, na ule wenye duara jekundu ulikataa kushika moto mpaka nikaupuliza. Kila niliyekutana naye nikamwambia: mtu yule amenilia maisha. Nilikuwa na mpango, wenye saa na dakika, yeye akaukalia. Wengine walinionea huruma. Wengine walisema wafanyeje, wakubwa ndivyo walivyo. Na nilisema kweli, mbele yenu pia nasema: alininyima muhuri, na hakuwa na haki. Hilo silifuti.

Rafiki yangu alirudi baada ya siku nne. Leseni ilikuwa mfukoni mwa shati, ameifunga kwenye karatasi ya sigara. Alikuwa ameshapita kambini, ameshapewa tipa. Nafasi ya pili msimamizi aliningojea mimi mpaka mwezi ulipoisha, halafu ikaenda kwa mtu wa Morogoro.

Alinikuta nyuma ya nyumba, nakata yale mawe yangu ya mazoezi nipate kujengea zizi la mbuzi. Nikampongeza. Halafu nikaanza. Nikamweleza mwenyekiti alivyosema, muhuri ulivyofungiwa, jinsi nilivyoshikwa kama mbuzi wa sadaka. Nilieleza vizuri, na sauti ya mwenyekiti niliiiga barabara, hata ile ya kuinamia meza. Yeye alikaa juu ya jiwe, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka hata mara moja.

"Mimi pia hakunigongea," akasema.

"Nini?"

"Muhuri. Nilikwenda kabla yako. Akaniambia subiri kwanza. Nikapanda lori."

Nikadhani amemaliza, nikachukua nyundo. Alisimama, akakung'uta suruali, akaifunga leseni yake tena kwenye karatasi. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya nyumba alipogeuka.

"Bwana wee," akasema, "dereva alipita hapa Alhamisi asubuhi anarudi kuchukua magunia mengine, akakuona. Anasema mkubwa alikuwa bado hajatokea, na watu walikuwa wanataka kwenda makwao. Sasa niambie wewe, ule ubeti wa pili, ile mara ya pili, nani alikutuma?"